Majani Yanaua Bakteria, Sawa. Lakini kwa Kiasi Gani?

Kijikaratasi cha duara chenye upana wa milimita 6 kimeloweshwa dondoo la majani, kikalazwa juu ya agari, rojo ya kuoteshea bakteria, na kuachwa kwenye kabati la joto usiku kucha. Asubuhi bakteria wamefunika sahani nzima kwa utando wa rangi ya maziwa, isipokuwa sehemu inayokizunguka kijikaratasi. Hapo ni patupu, hakuna kilichoota. Mwanafunzi anaigeuza sahani kifudifudi, anaweka rula mgongoni mwake, anapima upana wa duara hilo tupu, anasoma: milimita 18.

Jaribio hili linafahamika vizuri kwenye maabara za vyuo vikuu vya huku kwetu Kenya, iwe ni Maseno, Egerton pale Njoro, Masinde Muliro kule Kakamega au Jaramogi Oginga Odinga mjini Bondo. Halihitaji mashine ya mamilioni, na matokeo yake yanaonekana kwa macho. Ndiyo maana milimita 18 husafiri sana. Hutoka kwenye daftari ikaingia kwenye tasnifu, tasnifu ikazaa makala ya jarida, na mwisho wa safari unaweza kuikuta soko la Kibuye, Kisumu, imebandikwa kwenye chupa: "Imethibitishwa na wanasayansi. Inaua bakteria na kuondoa uvimbe." Muuzaji hajadanganya, kwa sababu majani hayo huenda kweli yaliua bakteria. Ila sentensi yake haina namba hata moja, na katika mambo haya ukiondoa namba umebaki na tangazo.

Tuifuate basi namba hiyo tangu jani likiwa mtini.

Dawa nyingi zenye sifa kubwa hapa kwetu ni za magome na mizizi. Warburgia ugandensis, ambao Wakikuyu huuita muthiga, una gome linalowasha ulimi kama pilipili, na watu hulitafuna kwa kikohozi na maumivu ya meno. Prunus africana, yaani muiri, gome lake huuzwa hadi Ulaya kwa wanaume wenye matatizo ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ule wa kulinda viumbe vilivyo hatarini. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti unakufa umesimama. Anayetembea misitu ya Mau au Kakamega hakosi kuona majeraha ya namna hiyo. Jani, kwa upande wake, huchumwa leo na jingine likachipuka. Swali la watafiti linaanzia hapo: je, kilichomo kwenye gome kimo pia kwenye jani? Mara nyingine jibu ni ndiyo. Kwa mti-ndugu wa muthiga unaoota kusini mwa Afrika, Warburgia salutaris, wanakemia walipochunguza majani walipata msingi wa kupendekeza yatumike badala ya gome.

Jani likichumwa, kitawi chake hubanwa kati ya magazeti, kikakaushwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa mimea akitambue, halafu hupewa nambari na kuhifadhiwa, kwa mfano katika hazina ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ukisoma ripoti isiyotaja nambari hiyo, una haki ya kujiuliza ni mmea gani hasa uliopimwa. Shubiri zenyewe zipo za aina nyingi mno nchini, na si zote zinazofanana kwa kemia.

Kisha majani huanikwa kivulini, kwa sababu jua kali huvunjavunja baadhi ya kemikali, na yakishakauka husagwa kuwa unga. Gramu 100 za unga hulowekwa ndani ya metanoli kwa siku 2 au 3, kimiminika kikachujwa, metanoli ikavukizwa kwa mashine inayozunguka kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Kinachobaki ni kitu kizito, cheusi cha kijani, kinachonata kwenye kuta za chupa na kunuka kama chai iliyolala. Hilo ndilo dondoo. Likiwa gramu 10, mtafiti ana bahati nzuri, na ndani yake mna mamia ya kemikali tofauti.

Sasa muulize bibi wa Kiluo, Dani kwa lugha yake, anayetibu kwa mitishamba kule Seme au Alego jinsi anavyotayarisha dawa yake.

"Dani, unachemsha kwa muda gani?"

"Mpaka maji yawe meusi, nyathina. Yakiwa bado ya kijani, hayajaiva."

Hapo hakuna metanoli, ambayo ni sumu ya kupofusha macho. Kuna maji na moto. Metanoli huvuta kemikali nyingi ambazo maji hayawezi kuzivuta, hasa zile zenye asili ya mafuta. Maji nayo huvuta sukari, chumvi na tanini, zile zinazokaza ulimi kwenye chai kali, kwa wingi. Kwa hiyo ripoti inayosifu dondoo la metanoli haijasema lolote kuhusu dawa ya Dani, si kwa wema wala kwa ubaya. Hata kuchemsha si kitu kimoja kila mahali: Njoro, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 92 au 93, ilhali Kisumu hufika 96 hivi.

Mfano mkubwa wa jambo hili unatoka China. Tu Youyou na wenzake walipokuwa wakitafuta dawa ya malaria, majani ya Artemisia annua yaliwapa matokeo ya kuyumbayumba. Maandishi ya kale ya Kichina yalisema jani lilowekwe majini na kukamuliwa, hayakutaja kuchemsha. Akashuku kwamba joto ndilo linaloiharibu dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, na dondoo likawaponya panya. Dawa za malaria tunazopewa leo zahanati zimetokana na uamuzi huo, na Tu akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Mmea ni uleule. Kilichobadilika ni kiyeyushi na joto.

Turudi kwenye sahani. Ili duara liwe na maana, mambo mengi lazima yashikwe sawa. Agari iwe ya aina ya Mueller-Hinton, kina chake milimita 4. Bakteria wachanganywe na maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, yaani takriban seli milioni 150 katika kila mililita. Ukizidisha, duara linasinyaa, ukipunguza linapanuka, na dawa ni ileile. Kijikaratasi kimoja kinawekwa siprofloksasini au gentamisini, kuonyesha kwamba bakteria hao wanauawa na dawa inayojulikana. Kingine kinawekwa kiyeyushi kitupu, mara nyingi DMSO, kuonyesha kwamba si kiyeyushi kinachofanya kazi. Hiki cha mwisho ndicho ninachokitafuta kwanza nikisoma ripoti yoyote. DMSO ikikolea huua bakteria yenyewe, na pasipo kijikaratasi hicho mtu anaweza kulisifia jani kwa kazi ya kemikali aliyoinunua dukani.

Tuchukulie yote hayo yamefanywa vizuri. Bado kuna jambo ambalo rula haiwezi kuliona. Duara halipimi nguvu ya dawa peke yake, linapima pia jinsi dawa inavyosafiri ndani ya agari. Agari karibu yote ni maji. Kemikali ndogo inayopenda maji husambaa haraka na kuchora duara kubwa hata kama ni dhaifu. Kemikali kali yenye asili ya mafuta hukwama palepale kwenye kijikaratasi, ikaonekana haina maana. Kwa hiyo kulinganisha mmea wa milimita 18 na wa milimita 12, ukasema wa kwanza ni bora, ni kosa hata kama limechapishwa. Na kusema "dondoo letu lilifikia 80% ya siprofloksasini" kwa kulinganisha maduara, ilhali kijikaratasi cha dawa kilikuwa na mikrogramu 5 na cha majani miligramu kadhaa, hapo mimi huweka karatasi chini.

Kuna na suala la bakteria wenyewe. Ripoti nyingi za majani husema dondoo lilifanya kazi vizuri kwa Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda, lakini likashindwa au likasuasua kwa Escherichia coli na Pseudomonas. Si bahati mbaya. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alibuni rangi inayowagawa bakteria katika makundi mawili, na mgawanyo huo baadaye ukaonekana kuwa ni wa kuta zao. Staphylococcus ana ukuta mnene lakini unaopitisha vitu. E. coli ana utando wa ziada kwa nje, wenye mafuta na sukari vilivyoungana, unaozuia kemikali nyingi za mimea zisiingie. Zikipenya, ana pampu za kuzitoa tena nje. Pseudomonas ni bingwa wa pampu hizo. Basi mtu akikwambia majani yake yanatibu homa ya matumbo kwa sababu "yaliua bakteria", uliza ni bakteria gani. Yule wa homa ya matumbo, Salmonella Typhi, yuko kwenye kundi la E. coli.

Kipimo kinachofuata ndicho kinacholeta namba yenye maana. Kinatumia sahani yenye vishimo 96, safu 8 kwa 12. Kishimo cha kwanza kinatiwa dondoo lililokolea, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya nusu, hivyo hivyo hadi mwisho wa safu. Bakteria wanaongezwa katika kila kishimo, na baada ya usiku mmoja linadondoshwa tone la resazurini, rangi ya bluu inayogeuka waridi pakiwa na seli hai. Unatazama safu: bluu, bluu, bluu, ghafla waridi. Kishimo cha mwisho chenye bluu ndicho kiwango cha chini kabisa cha dondoo kinachozuia bakteria kuongezeka. Mtafiti akitaka kujua kama wamekufa au wamelala tu, anachota kutoka kishimo hicho, anapanda kwenye agari mpya isiyo na dawa na kusubiri. Wengi huwa wamelala.

Namba hiyo husemwa kwa mikrogramu au miligramu kwa kila mililita, na hapo ndipo msomaji asiye makini huponyokwa. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Wengi katika fani hii huanza kuvutiwa dondoo ghafi likifanya kazi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita. Likipita 1,000 wanaliona dhaifu. Sasa chukua dondoo lililozuia bakteria kwa miligramu 25 kwa mililita, namba ambayo si ngeni kwenye tasnifu. Hizo ni mikrogramu 25,000.

Piga hesabu. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Ili dondoo lifikie miligramu 25 katika kila mililita ya damu hiyo, unahitaji gramu 125 za dondoo, zote zikiwa zimevuka utumbo, hazikukamatwa na ini, hazikuingia kwenye misuli wala mafuta. Kama gramu 100 za unga hutoa gramu 10 za dondoo, umehitaji kilo 1 na robo ya majani makavu, kwa dozi moja. Linganisha na siprofloksasini: kidonge kimoja cha miligramu 500 hupandisha dawa kwenye damu hadi mikrogramu 2 na nusu hivi kwa mililita, na aina ya E. coli inayotumiwa kama kipimo maabarani huzuiwa na chini ya mikrogramu 0.02. Dawa imezidi hitaji zaidi ya mara 100. Majani yetu yamepungukiwa kwa kiasi ambacho hakuna sufuria itakayokiziba.

Je, majani hayo hayafai basi? Sijasema hivyo. Hesabu hiyo ni ya damu. Kwenye ngozi mambo ni mengine kabisa. Mafuta ya kupaka yenye dondoo la 5% yana miligramu 50 katika kila gramu, na yanakaa palepale kwenye kidonda. Miligramu 25 zilizokuwa ndoto kwenye damu sasa zimefikiwa na kupitwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo majani mengi ya nyumbani yana nafasi ya haki, na ndipo watafiti wetu wangepaswa kuelekeza nguvu badala ya kuahidi dawa ya kunywa. Tahadhari ni mbili. Usaha na damu vina protini nyingi, na tanini za majani hunasa protini kwa urahisi, kwa hiyo dondoo lililong'ara kwenye agari linaweza kunyamaza kwenye kidonda. Tena dondoo la maabara si jani bichi lililopondwa kwenye jiwe. Jani la kando ya njia lina vumbi, na vumbi huweza kubeba vijidudu vya pepopunda.

Nusu ya pili ya maneno yale ya chupa ni "kuondoa uvimbe", na watu huisoma kana kwamba ni jambo lilelile. Mchochota ni kazi ya mwili wenyewe: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Bakteria wanaweza kuuanzisha, lakini pia kuteguka mguu au baridi yabisi, ambamo hamna bakteria hata mmoja. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na joto hilo, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobeli. Aspirini haiui bakteria wa jipu. Dawa inayotuliza uvimbe bila kugusa bakteria inaweza hata kumfanya mgonjwa ajisikie nafuu huku maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Kwa hiyo jani linalopunguza uvimbe wa kidonda halijathibitisha kwamba limekisafisha.

Namna za kupima ni kadhaa na hazina uzito sawa. Ya bei nafuu kabisa hutumia ute wa yai: unauchanganya na dondoo, unaupasha joto, unaangalia kama dondoo limeuzuia usigande na kuwa mweupe. Hoja yake ni kwamba diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, nayo huzuia mgando huo. Ni kweli huzuia, lakini diklofenaki haitulizi goti la mzee kwa njia hiyo, na vitu vingi visivyo dawa huzuia vilevile. Ripoti iliyosimama juu ya yai peke yake naiona imesimama mguu mmoja.

Kipimo kinachoheshimika zaidi ni cha unyayo wa panya, kilichoelezwa mwaka 1962. Panya hupewa dondoo, kisha huchomwa sindano ya mililita 0.1 ya karajinani kwenye unyayo wa nyuma. Karajinani hutoka kwenye mwani, jamii ya ule unaolimwa Kwale na Zanzibar, na viwanda huitumia kufanya maziwa ya chokoleti yawe mazito; ndani ya unyayo, hata hivyo, huamsha mchochota mkali. Unyayo huvimba, na kila saa mtafiti hupima ujazo wake kwa kuutumbukiza kwenye kimiminika na kusoma kilivyopanda. Saa ya kwanza uvimbe huendeshwa hasa na kemikali za mwili ziitwazo histamini na serotonini, na kuanzia saa ya tatu hivi prostaglandini hushika hatamu. Kwa hiyo wakati dondoo linapofanya kazi unadokeza linafanya kazi wapi. Likituliza saa ya kwanza tu, huenda linazuia histamini. Likituliza saa ya tatu na ya nne, linafanana na diklofenaki. Hiki ni kipimo chenye maumivu, na kamati za maadili hudai mtafiti aeleze kwa nini panya hawa wanahitajika na kwa nini si wachache zaidi.

Hapa hesabu ya kiasi inatoa jibu ambalo wengi hawalitarajii. Tuseme dondoo lilipunguza uvimbe kwa miligramu 200 kwa kila kilo ya panya. Huwezi kuzidisha moja kwa moja kwa uzito wa mtu, kwa kuwa mwili mdogo huunguza dawa haraka. Kawaida dozi ya panya hugawanywa kwa 6.2 kupata makadirio ya mtu. Unapata miligramu 32 hivi kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 ni karibu gramu 1.9 za dondoo, sawa na gramu 19 za majani makavu. Kiasi hicho kinaingia kwenye sufuria ya Dani bila shida. Kwa maneno mengine, mmea uleule unaweza kuwa hauna lolote kama dawa ya kunywa ya bakteria, ukawa na uzito fulani kama dawa ya kunywa ya maumivu ya viungo. Chupa ya sokoni imeyaunganisha madai mawili ambayo kwa hesabu yanatengana. Ila tazama jinsi panya walivyopewa. Kama walichomwa sindano ya tumboni badala ya kunyweshwa, dondoo halikupita utumboni, na hesabu yangu yote ya sufuria inaanguka.

Maabara zenye uwezo zaidi hutumia seli. Makrofaji, askari wa kinga, hukuzwa kwenye vishimo na kuchokozwa kwa vipande vya utando wa bakteria mpaka watoe nitriki oksidi, gesi inayotolewa wakati wa mchochota. Dondoo likiongezwa, mtafiti hupima kama imepungua. Mtego wake ni rahisi kuusahau: seli iliyokufa haitoi nitriki oksidi. Dondoo lenye sumu litaonekana kuwa limetuliza vizuri kabisa. Ndiyo maana lazima sahani ya pili ipime kama makrofaji bado wako hai, na ripoti isiyo na sahani hiyo haijamaliza kazi.

Mtego huo si wa kinadharia kwa watu wa magharibi mwa Kenya. Mmea mmoja uliotapakaa kwenye nyua na kando za barabara kuanzia Vihiga hadi Siaya unauonyesha wazi: Tithonia diversifolia, alizeti mwitu yenye maua ya njano, ambayo kwa Kiluo huitwa maua makech kwa uchungu wa majani yake. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wakulima hukata majani yake kurutubisha shamba la mahindi, na watu wengi huyachemsha kwa tumbo na homa. Ndani yake mna kemikali iitwayo tagitinini C. Molekuli yake ina pembe inayong'ang'ania salfa iliyo kwenye protini za seli, na ikishika haiachii. Ikishika protini inayowasha mchochota, uvimbe unatulia. Lakini salfa ya namna hiyo imo kwenye protini nyingine chungu nzima, za bakteria, za vimelea na za binadamu, kwa hiyo kemikali hiyohiyo inaua seli za kila aina dozi ikipanda. Panya walionyweshwa dondoo la Tithonia mfululizo kwa muda mrefu walipata madhara kwenye figo na ini. Hapa dawa na sumu zinakaa kwenye pembe moja ya molekuli moja, na hakuna kuchuja kutakakozitenganisha. Kilichobaki ni kujua kiasi, na kikombe cha majani yaliyochemshwa hadi maji yawe meusi hakina alama ya kupimia.

Kiasi chenyewe pia hubadilika kwa msimu. Majani ya mvua za masika na ya kiangazi cha Januari hayana kemikali sawa, wala ya Njoro penye baridi na ya Ahero penye joto. Ndiyo sababu kurudia mara 3 kunakotajwa kwenye karibu kila tasnifu kunahitaji kusomwa kwa jicho kali. Vijikaratasi 3 kwenye sahani moja, kutoka gunia moja la majani, ni kipimo kimoja kilichosomwa mara 3. Majani ya mashamba 3, yaliyochumwa kwa nyakati 3, hapo tunaanza kuzungumza.

Baada ya hayo yote dondoo hugawanywa. Hupitishwa kwenye viyeyushi tofauti, kila fungu likapimwa, fungu lenye nguvu likagawanywa tena, mpaka ibaki kemikali moja inayoweza kutajwa kwa jina. Kazi hii huchukua miaka, na mara nyingi huishia pabaya: kila fungu jipya ni dhaifu kuliko lililotangulia, ama kwa sababu kemikali zilikuwa zikisaidiana, ama kwa sababu ile kali iliharibika njiani. Wengine hugundua mwishoni kwamba kilichokuwa kikiua bakteria ni tanini za kawaida, zilezile zilizomo kwenye chai ya Kericho.

Upo mfano wa karibu wa jani lililofika dukani kwa njia inayopimika. Pembezoni mwa msitu wa Kakamega, kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group kinalima Ocimum kilimandscharicum, jamaa ya kivumbasi inayonukia kafuri, ambayo wenyeji huiita mwonyi. Kwa msaada wa watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, majani hupitishiwa mvuke, mafuta yake yakakusanywa na kutengenezwa Naturub, dawa ya kupaka iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mwaka 2010 kikundi kilipata Equator Prize ya Umoja wa Mataifa. Mafuta ya mvuke yana kemikali chache zinazojulikana, kafuri ikiwa kuu, kwa hiyo kila pipa jipya linaweza kupimwa na kulinganishwa na lililotangulia. Mmea hulimwa shambani, haukwanyuliwi msituni. Na dawa yenyewe ni ya kupaka kifuani na kwenye misuli, haikuandikiwa kunywewa.